Anayetoka Pembeni

Tafakari ya wiki. Somo: 1 Samweli 16:1–13

"Kazi yangu, Baba Mchungaji, ni kuifundisha mashine kutupa."

Aliyenijibu hivyo ni kijana wa usharika wetu, zamani mwimbaji wa besi, ambaye sasa yuko masomoni Ulaya. Mwezi uliopita alikuja likizo akapita ofisini kunisalimia. Nilimuuliza lile swali ambalo sisi wazee humuuliza kila anayerudi kutoka ng'ambo: huko unafanya nini hasa? Nilitegemea aseme "fizikia", nami niitikie kwa kichwa, tuhamie kwenye afya ya mama yake. Badala yake aliomba karatasi. Iliyokuwa karibu ni kadi ya mchango wa harusi (ambayo, nakiri, sijaichangia bado). Akaigeuza upande wa nyuma, akachora duara.

Duara lile, alinieleza, ni handaki lenye mzunguko wa kilomita 27, lililochimbwa yapata mita 100 chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva. Ni la CERN, kituo cha utafiti ambako mataifa mengi hushirikiana kuchunguza maumbile ya chembe ndogo kuliko zote. Humo handakini mafungu ya protoni hukimbizwa kwa kasi inayokaribia kabisa kasi ya mwanga, mengine yakizunguka huku, mengine kule, kisha hupishanishwa mahali panne ili yagongane. Penye migongano pamejengwa vigunduzi. Kijana wetu anashughulika na kimoja kiitwacho CMS, kilichoko upande wa Ufaransa: pipa la chuma lililolala ubavu, urefu wake mita 21, kimo mita 15, uzito tani 14,000. Mafungu hupishana ndani ya pipa hilo mara milioni 40 kwa sekunde.

"Milioni arobaini kwa siku?" nikauliza, nikidhani sikusikia vizuri.

"Kwa sekunde, Baba. Ukiigawa sekunde moja vipande bilioni, kila baada ya vipande 25 pana mpishano mwingine."

Katika kila mpishano protoni kadhaa, hata makumi kadhaa, hugongana kwa pamoja. Yote yale hayawezi kuandikwa. Hakuna ghala la kuyaweka, na hata lingekuwepo, hakuna wa kuyasoma. Tena mengi ni mambo yaliyokwisha kujulikana miaka mingi. Chembe ya Higgs, ile waliyoitangaza Julai 4, 2012, huzaliwa takriban mara moja katika migongano bilioni moja. Kwa hiyo mlangoni pamewekwa mlinzi. Wao humwita triga, jina lile lile la kile kidude cha bunduki kinachovutwa kwa kidole. Kati ya mipishano milioni 40, triga ya kwanza huruhusu ipite 100,000 tu. Hiyo hupelekwa kwa mlinzi wa pili, ambaye ni kompyuta nyingi zenye nafasi ya kutazama kwa utulivu kidogo, naye hubakiza elfu moja au elfu chache. Iliyobaki hufutwa. Haiwekwi kando kwa ajili ya kesho.

Nilimkumbuka Gideoni pale majini: watu 32,000, wakabaki 10,000, wakabaki 300. Kijana akacheka, akasema Gideoni alikuwa na bahati ya kuwa na usiku mzima.

Triga yake yeye inashughulika na chembe iitwayo myuoni. Kwa sikio la Mswahili jina hilo linakaribia sana "mwonaji", lakini ni bahati tu. Limetokana na herufi ya Kigiriki. Myuoni ni ndugu mnene wa elektroni, uzito wake mara 207 hivi ya ule wa elektroni, na maisha yake ni sehemu mbili na kidogo za milioni za sekunde. Ilionekana kwanza mwaka 1936, Carl Anderson na Seth Neddermeyer walipokuwa wakichunguza mionzi inayotoka angani. Mionzi hiyo hadi leo huigonga hewa iliyo juu yetu na kuzaa myuoni, zikamiminika chini usiku na mchana. Yapata moja hupita katika kiganja chako kila sekunde. Bati la kanisa haliizuii, wala zege, wala wewe.

Tabia hiyo ya kupenya ndiyo inayoipa heshima pale CERN. Karibu kila kinachozaliwa katika mgongano hukwama kwenye matabaka ya ndani ya kigunduzi. Myuoni huyapita yote, ikatokeza upande wa nje, na huko ndiko zilikopangwa chemba zenye gesi na nyaya, tabaka juu ya tabaka, katikati ya vipande vizito vya chuma. Myuoni ikikatiza kwenye gesi huacha alama ya umeme. Na kwa kuwa mle ndani pana sumaku yenye nguvu ya kutisha, njia yake hupinda: dhaifu hupinda sana, yenye nguvu hupita karibu kama uzi ulionyooshwa. Wanasayansi huzitafuta hasa hizi zenye nguvu, kwa sababu aghalabu huwa watoto wa kitu kizito kilichovunjika katikati. Kazi ya mlinzi basi inasemeka kwa urahisi: tazama vinukta vinne vya alama, kadiria kupinda kwake, toa hukumu.

Ugumu uko kwenye muda. Tangu mgongano utokee hadi neno "weka" au "tupa" lirudi, triga ya kwanza imepewa chini ya sehemu nne za milioni za sekunde, na humo umo muda wa ishara kusafiri kwenye nyaya kwenda na kurudi. Habari zote za mgongano huo zinangoja foleni, na nyuma yake imejipanga mipishano mingine kama 160. Ikifika mwisho wa foleni bila neno, inafutwa. Isitoshe, myuoni yenyewe kabla haijamaliza kutoka nje ya pipa, katikati pameshatokea mpishano mwingine. Vizazi viwili vinapishana koridoni.

"Sasa hiyo mashine inafikiri saa ngapi?" nikamuuliza.

"Haifikiri, Baba Mchungaji. Inakumbuka."

Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini.

Katika zile sehemu za milioni za sekunde hakuna nafasi ya kupiga hesabu ndefu. Kwa hiyo hesabu hupigwa mapema, miezi kabla, kwa uigaji. Hukaa wakatengeneza ndani ya kompyuta migongano ambayo haikutokea. Programu moja hubuni mgongano wenyewe, nyingine, iitwayo Geant4, huichukua kila chembe iliyozaliwa na kuipitisha hatua kwa hatua katika kigunduzi cha kuigwa, chenye kila bamba la chuma na kila waya mahali pake. Kwa kila hatua kompyuta hurusha kete: chembe ipite au ikwame, izae nyingine au isizae. Mtindo huo huitwa Monte Carlo, kwa jina la mji wa kamari ulioko Monaco. Mmoja wa waasisi wake, mwanahisabati Stanisław Ulam, aliupata mwaka 1946 akijiuguza na kucheza karata peke yake, akajiuliza ni mara ngapi mchezo ule ungefunguka. Mimi si mtetezi wa kamari, lakini nimesikia wagonjwa wakitumia likizo zao vibaya kuliko hivyo.

Na ile programu ya kubuni migongano? Mojawapo inayotumika sana, iliyoanzia Lund, Sweden, inaitwa Pythia, jina la kuhani wa kike aliyetoa uaguzi kule Delphi. Kijana alilitaja kwa tahadhari, akiniangalia usoni. Nikamwambia asiogope, hata Luka analijua neno la ukoo huo: yule kijakazi wa Filipi aliyewafuata akina Paulo, ambaye Biblia yetu inasema alikuwa na pepo wa uaguzi, kwa Kigiriki pepo huyo anaitwa kwa jina la chatu wa Delphi. Tofauti ni kwamba Pythia wa Lund hukubali kusahihishwa.

Kwa uigaji huo hupatikana myuoni za kubuni kwa mamilioni, ambazo nguvu zake zinajulikana kwa kuwa wao wenyewe ndio waliozitengeneza. Kompyuta husomeshwa: ukiona alama hapa, hapa na pale, basi nguvu yake ni kiasi fulani. Majibu hayo huandikwa kwenye jedwali. Tangu 2016, kwa ajili ya vifuniko viwili vya lile pipa, yaani mbele na nyuma, jedwali la CMS lina nafasi za majibu yapata bilioni moja. Saa ya saa, mlinzi hafanyi kingine ila kusoma alama, kufungua ukurasa wake na kulitoa jibu lililoandikwa zamani.

Wapendwa, hivyo ndivyo nami ninavyofanya kazi ofisini siku ya Jumanne.

Jumanne ni siku ya watu. Wanakaa kwenye benchi nje, wanaingia mmoja mmoja, nami nina dakika chache kwa kila mtu kabla ya mazishi ya saa nane. Nilidhani ninawasikiliza na kuwafikiria. Ukweli ni kwamba mtu hajamaliza sentensi ya pili, jibu limeshatoka kwenye jedwali. Huyu anataka ada ya shule. Huyu amegombana na mumewe, mpeleke kwa wazee. Huyu ni wa kanisa jirani, amekuja kupima upepo. Majibu hayo sikuyaandika siku hiyo. Niliyaandika miaka ishirini iliyopita, kutokana na watu niliokutana nao wakati huo, na baadhi yake niliyanakili kwa mchungaji aliyenitangulia, kutoka kwenye vikao vya wazee na porojo za baada ya ibada.

Kwaresima moja aliingia mama mmoja. Nilimuuliza maswali yetu ya kawaida: unatoka jumuiya gani, mzee wako wa kanisa ni nani, ulibarikiwa wapi? Hakuwa na jibu lililonyooka hata moja. Amehamia. Aliwahi kusali mahali, kisha mahali pengine. Barua ya utambulisho hana. Habari yake ilianzia katikati, ikarudi nyuma, ikaruka. Nikamwambia kwa upole kabisa, naukumbuka upole wangu ule, kwamba aanze kwa mzee wa mtaa anaoishi, naye atamleta kwangu kwa utaratibu. Akashukuru, akatoka. Hakurudi. Jina lake sikuliandika, maana huandikwa waliopita.

Sijui kama alikuwa na neno zito au alitaka nauli tu. Ndiyo shida ya mlango wa namna hii: maji yakimwagika hayazoleki, na haya hata sakafu hayakuilowesha.

Niliporudi kwenye kadi ya harusi, kijana alikuwa anachora kitu ambacho, naamini, alikileta bila kujua kilikuwa kinamwendea nani. Alichora duara la pipa na nukta katikati, panapotokea migongano. Akachora mistari ikitoka kwenye ile nukta kwenda nje, kama miali ya jua. Akasema walinzi wa miaka mingi wa pale CMS walifundishwa kwa myuoni za namna hii, zinazoanzia katikati. Sharti hilo lina faida, kwa kuwa ukishaijua nukta ya kuanzia, unaipima njia kwa usahihi zaidi. Kisha akachora mstari mwingine, ulioanzia mbali na nukta, pembeni, ukaenda nje umenyooka kama mshale. "Huyu ana nguvu sana," akasema, "ila hakuanzia katikati. Mlinzi akimlazimisha aonekane kana kwamba ametoka pale kwenye nukta, atamwona amepinda. Na aliyepinda ni dhaifu. Basi anatupwa."

Nikakaa kimya muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu mbele ya mgeni.

Pana nadharia zinazosema huenda zipo chembe mpya, zisizojulikana bado, ambazo hazivunjiki pale pale zinapozaliwa. Husafiri kwanza, kisha zikavunjikia njiani, na myuoni zao zingeanzia huko pembeni. Mpaka leo hakuna aliyeziona. Lakini mlinzi aliyefundishwa kwa watoto wa katikati peke yao asingewaona hata wangepita kila siku, na watu wangeandika vitabuni kwamba hawapo. Kwa hiyo katika awamu ya migongano iliyoanza mwaka 2022, mlinzi wa CMS amepewa kipimo cha pili, kisichomlazimisha mgeni kuwa ametoka kwenye nukta. Na ili kukitengeneza, ilibidi mtu akae kwanza mbele ya kompyuta, awabuni wageni wa namna hiyo, awapitishe mlangoni, na kuhesabu ni wangapi wanafukuzwa. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ya kijana wetu: kuwaza watu ambao hawajaja, ili siku wakija mlango usiwakosee.

Sasa fungua somo letu. Samweli anafika nyumbani kwa Yese, Bethlehemu, na pembe ya mafuta. Naye ana jedwali. Israeli imekwisha kuwa na mfalme mmoja, na mfalme huyo alikuwa mrefu kuliko watu wote. Huyo ndiye mfano ambao nabii amefundishiwa. Anaingia Eliabu, kimo chake kizuri, na jibu linatoka hapo hapo: ni huyu. Tunamjua Samweli kuwa mtu wa kusikia, tangu utotoni akilala hekaluni. Hata yeye, mbele ya Eliabu, hakusikia, alikumbuka. Akakatazwa, wakapita wana saba.

Tumezoea kuhubiri kwamba Mungu hutazama moyo, na ni kweli. Ila wiki hii nimekwama mahali pengine. Yule wa nane hakukataliwa na Samweli. Hakuletwa. Baba yake mzazi ndiye aliyekuwa mlinzi wa kwanza, akapanga foleni, akamwacha mtoto machungani, na wala hakuna dalili kwamba alifanya hivyo kwa ubaya. Mtu anayechunga kondoo ana kazi. Kwa nini asumbuliwe kwa sherehe? Kama Samweli asingeuliza kama watoto wamekwisha, sadaka ingeliwa, wageni wangeshukuru, na hakuna mtu Bethlehemu ambaye angejua kwamba siku ile pana kilichopotea. Daudi mwenyewe asingejua.

Watu wa CERN wanaiogopa sana hali hiyo, na hapa nawavulia kofia, kwa kuwa wamejenga woga wao ndani ya kazi. Kwanza, wana nakala ya triga iliyoandikwa kama programu, ambayo hupewa alama zile zile alizopewa mlinzi wa kweli, na majibu ya wawili hao hulinganishwa biti kwa biti. Wakitofautiana, mtu hupigiwa simu. Pili, wanatumia chembe iitwayo Z, ambayo mara nyingine huvunjika ikazaa myuoni mbili kwa mpigo. Mmoja akishapitishwa na mlinzi mlangoni, wanamgeukia pacha wake na kuuliza: na huyu je, angekuja peke yake, ungemwona? Kwa kuwahesabu mapacha hao wanajua mlinzi anakosa wangapi. Na uigaji wenyewe husahihishwa kwa hesabu hiyo, maana kinachobuniwa hakiachwi kijisifu.

Hata wakosapo, hukosa kwa namna inayofundisha. Mwaka 2016 na 2017 sehemu moja ya kigunduzi, si ile ya myuoni, saa yake ilianza kusogea kidogo kidogo. Mlinzi akawa anaitikia mapema, akiashiria mpishano uliotangulia ule wenyewe. Na kwa kuwa kanuni zinamkataza kuitikia mara mbili mfululizo, tukio la kweli lilipofika alikuwa amekwisha kusema. Uigaji wao haukulijua jambo hilo. Ikabidi warudi kwenye hesabu zilizokwisha kufanyika na kuzirekebisha. Sitaeleza zaidi. Nina wazee wa kanisa ambao wataelewa kwa nini nimecheka.

Lakini kilichonigusa zaidi ni historia ya mwanzo. Mashine inayokimbiza protoni iliwashwa Septemba 10, 2008. Siku tisa baadaye kiungo cha umeme kati ya sumaku mbili kilishindwa, heliamu ikafoka handakini, sumaku nyingi zikaharibika, na protoni hazikuzunguka tena hadi Novemba 2009. Kigunduzi kikabaki hakina cha kugundua. Oktoba na Novemba 2008 watu wa CMS waliwasha sumaku yao na kuwafungulia mlango wageni wa bure, zile myuoni za angani zinazopenya miamba bila mwaliko. Ilibidi masharti yalegezwe, kwa sababu hizo hazijui katikati ni wapi. Zinatoka juu na kukatiza zinapotaka. Walirekodi matukio milioni 270. Kwa wapita njia hao walinyoosha chemba, wakarekebisha saa, wakaupima uigaji wao dhidi ya ukweli. Kigunduzi kilijifunza kuona kwa msaada wa wale ambao baadaye kingewahesabu kuwa usumbufu.

Kijana alipoinuka kuaga nilimuuliza, kama mtu anayeuliza dawa kwa ajili ya rafiki, wafanyeje ili wajue wanachokitupa. Akasema pana njia moja rahisi: mara kwa mara wanamwamuru mlinzi aruhusu mpishano wowote upite, bila kuangalia kilichomo. Hakuna sharti. Kwa kiasi kikubwa unapata takataka, akasema, lakini ni takataka za kweli, unajua jinsi zinavyofanana. Kisha akaomba tumwombee mama yake, tukaomba, na akaondoka na kadi ya harusi mfukoni.

Nimezungumza na mwinjilisti wetu. Tangu Jumanne mbili zilizopita, kabla sijaanza kuwaita watu, yeye huenda benchini na kumleta mtu mmoja bila kumuuliza jumuiya yake, mzee wake wala shida yake, na huyo hupewa nusu saa. Jumanne ya kwanza aliingia bibi aliyekuwa amekuja kumsindikiza mjukuu wake na hakuwa na neno lolote. Tulizungumza habari za mvua. Jumanne iliyopita aliingia fundi aliyetaka kuazima ngazi ya kanisa. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Ngazi hajairudisha bado.